Dola kumi pungufu kwa wiki

Katikati ya Minneapolis, mji wa Marekani ninakoishi, kwenye barabara ya Nicollet Mall, pana sanamu ya shaba ya mwanamke anayerusha kofia yake hewani, nami kwa muda mrefu nilipita hapo nikienda kazini nikidhani ni mpigania haki wa zamani. Kumbe ni Mary Richards, mtu asiyepata kuishi ila kwenye televisheni, mhusika mkuu wa vichekesho vya chumba cha habari ambavyo Mary Tyler Moore aliigiza kuanzia Septemba 1970 hadi 1977. Nilipoitazama sehemu ya kwanza nilitaka kucheka tu, lakini niliondoka nikiwa na mashaka na maneno ambayo sisi tuliotoka Tanga hupenda kuyasema tukilinganisha huku na nyumbani.

Mary ana miaka 30, ameachana na mchumba wake daktari, na amehamia mji huu peke yake kutafuta kazi ya ukarani katika kituo cha televisheni cha WJM. Bosi, Lou Grant, anamwuliza dini yake. Mary anamjibu kwa adabu kwamba sheria hairuhusu swali hilo kwa mwombaji kazi. Lou anamwuliza kama angependa kuita polisi, kisha anataka kujua kama ameolewa, na binti wa watu, kwa kuchanganyikiwa, anajibu kwamba yeye ni Mkristo wa Kipresbiteri. Nilicheka hadi nikakumbuka usaili wangu wa kwanza Dar es Salaam, ambako niliulizwa mume wangu yuko wapi na kama nina mpango wa kuzaa karibuni, nami nikajibu yote bila kusita, kwa kuwa sikujua kwamba ningeweza kutojibu.

Ndiyo maana siku hizi nasita ninaposikia wenzangu wakisema huku kuna sheria na kwetu hakuna. Sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi wa dini na jinsia kazini ni ya 1964, kwa hiyo Lou alikuwa akiipuuza ikiwa na umri wa miaka sita, tena kwa mzaha, na watazamaji wakacheka kwa sababu walimjua bosi wa namna hiyo. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inataja hata ujauzito na hali ya ndoa. Tofauti niionayo mimi ni kwamba huku mwajiri ameshaonja uchungu wa kushtakiwa, ilhali kwetu wengi wetu hatujawahi hata kuisoma.

Kuna jambo jingine lililonishangaza zaidi. Waandishi wa vichekesho hivyo, James L. Brooks na Allan Burns, walitaka Mary awe mtalaka, lakini kampuni ya televisheni ya CBS ikakataa, ndipo wakambadilisha akawa mwanamke aliyevunja uchumba. Marekani ya 1970, hii tunayoambiwa ndiyo shina la uhuru wote, iliogopa kumwonyesha mtalaka mchangamfu sebuleni mwa watu! Kwetu mwambao mtalaka hukaa eda yake, kisha akarudi ngomani na harusini kama watu wengine, na hakuna anayemkimbia. Ambacho shangazi zangu wasingekikubali ni kile ambacho CBS ilikipitisha bila shida, yaani mwanamwali kupanga chumba peke yake katika mji asio na ndugu. Kila jamii ina mlango wake inaoufunga.

Na chumba chenyewe hakikuwa cha upweke. Mary anakuta jirani wa juu, Rhoda, akisafisha madirisha ya nyumba hiyo na kudai ni yake. Wanagombana, kisha wanashindwa kuchukiana. Mimi nilikaa majira mawili ya baridi katika jengo langu kabla jirani hajaniuliza jina, na naungama ningefurahi kupata hata mtu wa kugombana naye.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mshahara. Kazi ya ukarani imeshachukuliwa, anasema Lou, ila ipo ya mtayarishaji msaidizi, ambayo mshahara wake ni pungufu kwa dola kumi kila wiki. Na kama Mary anaweza kuvumilia pungufu ya dola kumi na tano, atamfanya mtayarishaji kamili. Mary anasema uwezo wake unaishia kwenye usaidizi. Kwetu tungekiita kilemba cha ukoka, nami niliwahi kuamini kwamba ni ugonjwa wa ofisi zetu, mahali ambapo mtu hupewa cheo kirefu, meza na muhuri badala ya nyongeza. Mwaka juzi, katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, niliitwa ofisini na kutangaziwa kwamba sasa mimi ni kiongozi wa zamu. Nilipouliza kuhusu malipo, nikaambiwa kwamba hayo yatazungumzwa baadaye. Nilipompigia mama simu kumweleza, yeye alishangilia cheo na kuwaita majirani. Sikumwambia lililobaki.