Kalamazoo: Karo Isiyouliza Rangi na Vikao vya Kuizungumza

Katika mji wa Kalamazoo, kusini-magharibi mwa jimbo la Michigan nchini Marekani, fedha za wahisani zinafanya kazi mbili ambazo wengi huziona kuwa hazipatani. Zipo zinazomlipia karo ya chuo mhitimu wa shule za umma za mji huo, awe mweusi au mweupe, mtoto wa daktari au wa mfagiaji. Na zipo zinazowakalisha watu wa rangi mbalimbali katika duara ili wasimuliane waliyopitia kwa sababu ya rangi zao. Kundi moja linasema kazi ya kwanza inatosha, na ya pili ni kuchokonoa vidonda. Kundi jingine linajibu kwamba bila ya pili, ya kwanza huwafaa zaidi wale ambao tayari wana nafuu. Naziheshimu hoja za pande zote mbili. Ninachokiona ni kwamba zinagombania faida ya fedha hizo, huku mtaji wenyewe, ulio mkubwa mara nyingi zaidi, ukiachwa nje ya mjadala.

Kalamazoo ina wakazi wapatao 73,000. Kampuni ya dawa ya Upjohn ilianzia hapo, na baada ya kuunganishwa na kuuzwa ikaishia mikononi mwa Pfizer. Kiwanda cha Pfizer katika mji jirani wa Portage ndicho kilichopakia shehena ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19 nchini Marekani mnamo Desemba 2020. Stryker, kampuni kubwa ya vifaa vya tiba, nayo ilianzia Kalamazoo. Lakini ni mji huohuo ulioachwa na viwanda vya karatasi, ukaachwa na Gibson, watengeneza magitaa, mwaka 1984, kisha General Motors ikafunga kiwanda chake mwaka 1999. Ajira za watu wasio na digrii ziliondoka. Familia chache zenye hisa zilibaki na utajiri wao, na ndiyo sababu uhisani una sauti kubwa sana katika mji huo.

Wakfu wa Jamii wa Kalamazoo ulianza mwaka 1925 kwa dola 1,000 alizotoa Dk. William E. Upjohn. Muundo wake ulibuniwa Cleveland mwaka 1914 na mwanabenki Frederick Goff, aliyeona jinsi wosia za marehemu zilivyofunga fedha katika shughuli ambazo hazikuwa tena na wahitaji. Alitaka watu wengi waweke michango yao katika mfuko mmoja, mtaji uwekezwe usiguswe, faida itumike kwa mahitaji ya eneo, na bodi ya wenyeji iwe na mamlaka ya kubadili matumizi mahitaji yanapobadilika. Msomaji wa Mombasa au Unguja anayejua nyumba na mashamba ya wakfu ataelewa haraka: shina haliliwi, huliwa tunda lake. Kwa tunda hilo wakfu wa Kalamazoo hutunza mifuko ya ufadhili wa masomo, husaidia asasi za mitaani, na tangu mwaka 2017 umekuwa mwenyeji wa kazi ya kuponya majeraha ya ubaguzi wa rangi.

Mpango wa karo uliouletea mji huo sifa si wa wakfu huu, lakini huwezi kuuelewa mmoja bila mwingine. Kalamazoo Promise ulitangazwa tarehe 10 Novemba 2005 na wafadhili ambao mpaka leo hawajataja majina yao. Aliyesoma shule za umma za wilaya hiyo tangu chekechea hulipiwa karo yote katika vyuo vya umma vya Michigan. Aliyeingia darasa la tisa hupata asilimia 65. Aliyeingia darasa la kumi hapati kitu. Hakuna anayeuliza alama wala kipato cha wazazi, sembuse rangi.

Na mpango umefanya kazi. Watafiti wa Taasisi ya Upjohn, Timothy Bartik, Brad Hershbein na Marta Lachowska, waliwalinganisha wahitimu wa kabla na wa baada yake, wakakuta kwamba waliopata shahada au cheti cha chuo ndani ya miaka sita waliongezeka kwa takriban theluthi moja. Watoto wa kipato cha chini na wasio weupe walinufaika pia. Idadi ya wanafunzi katika shule za mji, iliyokuwa ikishuka kwa miongo, ikaanza kupanda. Kisiasa nao una kinga: hakuna jirani anayeweza kusema mtoto wa mwenzake amependelewa. Katika jimbo ambalo wapiga kura walipiga marufuku mwaka 2006 upendeleo wa rangi katika udahili wa vyuo vya umma, kinga hiyo si jambo dogo. Anayesema tuwape watoto wote karo na tuyaache mambo ya rangi ana ushahidi mkononi, na nisingependa apuuzwe.

Tatizo ni kwamba kanuni isiyoitazama rangi hutekelezwa katika mitaa iliyopangwa kwa rangi. Miaka ya 1930 shirika la serikali kuu lililosimamia mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji ya Marekani na kupaka nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa benki. Kalamazoo ilichorwa, na Northside, mtaa wa Weusi, ukaishi miongo mingi bila mikopo waliyoipata wengine. Nyumba ndiyo akiba kuu ya familia ya kawaida ya Kimarekani. Asiyemiliki nyumba hupanga, na anayepanga huhama kodi inapopanda. Kalamazoo Promise unahesabu miaka ya kukaa na kusoma mfululizo ndani ya wilaya. Kwa hiyo familia iliyofukuzwa na mwenye nyumba, ikajihifadhi kwa ndugu nje ya mpaka, inapoteza asilimia ambazo jirani mwenye hatimiliki hazipotezi. Hakuna aliyemkusudia mabaya mtoto huyo. Na hata anayepata karo yote bado anatakiwa kula, kulipa chumba, na pengine kumsaidia mama. Watafiti walewale walikuta wasichana walipiga hatua kubwa mno huku matokeo ya wavulana yakibadilika kidogo sana. Karo imefungua mlango, ila yapo yanayowazuia wavulana hao ambayo hayalipiwi kwenye dirisha la mhasibu wa chuo.

Hapo ndipo vikao vinapodai nafasi yake. Mwaka 2016 Wakfu wa W. K. Kellogg, ulioanzishwa mwaka 1930 na mtengenezaji wa nafaka za kifungua kinywa katika mji jirani wa Battle Creek, ulianzisha mpango wa ukweli, uponyaji na mageuzi ya kirangi katika maeneo 14 ya Marekani, manne yakiwa Michigan, na Kalamazoo ikiwamo. Ulijifunza kutoka kwa tume za ukweli za nchi nyingine, ya Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Kikao huongozwa na watu wawili wa asili tofauti, na washiriki hukaa wawiliwawili kusikilizana bila kubishana. Tangu Januari 2017 kuna hata siku yake ya kitaifa, Jumanne inayofuata sikukuu ya Martin Luther King.

Wapinzani wa upande mmoja wanasema kazi hii inawafunza watu kujitambua kwa rangi kabla ya kitu kingine chochote. Fikiria mzungu ambaye baba yake alipoteza kazi kiwanda kilipofungwa mwaka 1999, anaalikwa aje kuzungumzia nafuu aliyozaliwa nayo. Uchungu wake ni wa kweli, na mwongozaji asiyemwachia nafasi ya kuusema amevunja kanuni ya kikao chake mwenyewe. Sheria nayo imebadilika. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia vyuo kutumia rangi katika udahili. Juni 2024 mahakama ya rufaa ilisimamisha ruzuku za mfuko wa Fearless Fund zilizokuwa kwa wanawake weusi pekee. Januari 2025 amri ya rais ikazitaka idara za serikali kutafuta taasisi za kuchunguzwa kwa programu za aina hii, wakfu zenye mali ya dola milioni 500 au zaidi zikiwemo. Kikao kilicho wazi kwa kila mtu hakifanani na ruzuku inayochagua kwa rangi, lakini hofu haichagui hivyo, na bodi yenye hofu hupunguza mambo kimyakimya.

Upinzani unaotoka upande wa pili ndio unaonigusa zaidi. Baada ya machozi, ni kodi ya nani imepungua? Mama mweusi wa Northside amesimulia uchungu wake mbele ya wageni, wageni wameondoka wamefunzwa, yeye amerudi kwenye nyumba ileile ya kupanga. Wasemao hivi hawapingi uponyaji, wanapinga kutumiwa kama kitabu cha kiada.

Naungana nao nusu ya njia. Kinachonizuia kwenda nao hadi mwisho ni mwaka 1971. Bodi ya shule za Kalamazoo ilipitisha mpango wa kuwachanganya wanafunzi weusi na weupe kwa kuwasafirisha kwa mabasi, wapiga kura wakachagua wajumbe walioupinga, bodi mpya ikaufuta, NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kikaenda mahakamani, na Jaji Noel Fox akaamuru uendelee. Haki ilipatikana kwa nguvu ya hukumu, na nisingetaka isubiri mioyo ilainike. Lakini hukumu ile ililetwa juu ya mji ambao haukuwa umezungumza, na familia nyingi nyeupe zikaendelea kuhamia vitongojini, nje ya mpaka wa wilaya, ambako amri ile haikuwahusu. Kila uamuzi mkubwa wa fedha hatimaye unahitaji raia watakaoukubali. Kuwaandaa raia hao ni kazi, na haifanyiki kwa hundi peke yake.

Mfano mwingine uko katikati ya mji. Bustani ya Bronson ilikuwa na chemchemi iliyojengwa mwaka 1940, kazi ya msanii Alfonso Iannelli, yenye sanamu ya mlowezi akisimama juu ya mwenyeji wa asili. Ardhi ile ilikuwa sehemu ya eneo walilotengewa Wapotawatomi kwa mkataba wa mwaka 1821, kisha wakanyang'anywa kwa mkataba wa mwaka 1827. Watu walibishana kuhusu sanamu hiyo kwa miongo, wengine wakiitetea kwa thamani yake ya sanaa, mpaka halmashauri ya jiji ilipoiondoa mwaka 2018. Siwezi kusema vikao ndivyo vilivyoiondoa. Ninachosema ni kwamba hakuna ufadhili wa masomo, hata uwe mnono kiasi gani, ambao ungeligusa jambo lile.

Kuna kundi ambalo mjadala wote huu unalisahau, nalo ni la wasemao lugha yetu. Takriban kilomita 80 kaskazini, Grand Rapids, wanaishi wakimbizi wengi kutoka Kongo. Tarehe 4 Aprili 2022 mmoja wao, Patrick Lyoya, mwenye umri wa miaka 26, alipigwa risasi na kuuawa na askari polisi aliyekuwa amesimamisha gari lake. Baba yake aliwalilia waandishi wa habari kwa Kiswahili, kupitia mkalimani. Kesi ya askari huyo ilimalizika mwaka 2025 bila baraza la wazee wa mahakama kukubaliana, na mashtaka yakafutwa. Familia hiyo haikuwa na babu aliyenyimwa mkopo miaka ya 1930, lakini historia ya nchi ile iliwakuta barabarani. Vikao vilivyopangwa kwa kumbukumbu za weusi wa Marekani, weupe na wenyeji wa asili vinahitaji kuwapa watu hawa kiti, na mkalimani. Na mpango wa karo unapaswa kuwatazama pia: kijana aliyezaliwa kambini akafika Kalamazoo akiwa na miaka 16, akaanzia darasa la kumi, kwa kanuni zile hana chochote, ingawa huenda ndiye anayehitaji kuliko wote darasani.

Nani basi abadilishe kanuni hiyo? Wafadhili hawajulikani, kwa hiyo hawawezi kuulizwa hadharani. Jambo hili limekwenda mbali zaidi ya karo. Matajiri wawili wa mji waliahidi dola milioni 70.3 kwa mfuko mpya wa kulisaidia jiji, nalo jiji likashusha kodi ya majengo kutoka takriban dola 19.27 hadi 12 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa kodi. Mwaka 2021 wafadhili wasiojulikana wakaahidi mfuko huo dola milioni 400 zaidi. Huduma zimeboreka, na sidharau ukarimu wa kiasi hicho. Lakini jiji linaloendeshwa kwa hisani limewapunguzia wakazi wake neno la mwisho, na kodi iliposhuka mwenye majengo mengi ndiye aliyepunguziwa zaidi.

Wakfu wa jamii, wenye bodi inayojulikana kwa majina na jukumu lililoandikwa, una nafasi ya kufanya tofauti, na hapa narudi kwenye mtaji. Wakfu za Marekani kwa kawaida hutoa karibu asilimia 5 ya mali yao kwa mwaka. Zinazobaki ziko katika hisa na dhamana za masoko ya mbali. Sehemu ya kumi tu ya mtaji huo, ikiwekwa katika mikopo ya nyumba na ya biashara ndogo Northside kwa riba nafuu, bado ingekuwa mtaji: mikopo hurudi. Baadhi ya wakfu nchini humo zimeanza njia hii. Mikopo hiyo inaweza kutolewa kwa kuangalia mtaa na kipato, bila kigezo cha rangi, ikaufikia mtaa uleule ambao ramani iliupaka nyekundu. Wapinzani wa vikao wangekosa pa kushika, na waliochoka kusimulia wangeona hati ya nyumba. Waliokaa kwenye duara miaka yote hii wangekuwa na la kuidai bodi yao: itangaze kila mwaka mikopo mingapi imetolewa, katika mitaa ipi, na wangapi kati ya waliokopa ni wazazi wa watoto walio shuleni sasa.