Nani Alikufungia Hili Bomba?

Leo nimetukanwa nyumbani kwangu, jikoni kwangu, mbele ya mwanangu, na aliyenitukana mpaka sasa hajui kwamba alikuwa akinitukana mimi. Nilinyamaza. Kuna mahali hata nilimsaidia.

Lakini tusianzie huko, tutamwonea fundi wa watu. Tuanze na kurahisisha maisha, maana ndiko kulikoniponza.

Mwezi uliopita mama watoto alitangaza kwamba nyumba hii imetushinda na kuanzia sasa tunarahisisha. Nikaunga mkono kwa moyo mmoja, kwa sababu neno "kurahisisha" lilipoingia sikioni nilidhani maana yake ni kufanya kazi kidogo. Kumbe unaanza kwa kufanya kazi mara tatu, halafu unakaa kuusubiri urahisi, na urahisi wenyewe ni kama yule mgeni anayesema yuko njiani.

Kila kitu kikapewa mahali pake. Tulipiga misumari nyuma ya mlango wa stoo, juu ya kila msumari tukaandika jina. MKASI: jina lipo, msumari upo, mkasi haupo. Msumari wa nyundo umetundikwa begi la mtu. Ratiba ya kazi tuliibandika kwenye jokofu kwa sumaku. Siku ya tatu sumaku ikapotea, na sasa ratiba iko chini ya jokofu, sehemu pekee ya nyumba hii ambayo hakuna aliyepangiwa kufagia. Tukaanzisha na kapu la soksi zilizofiwa, kila moja isubiri mwenzake. Limefika soksi 19 na hakuna mbili zinazofahamiana.

Tukanunua na pipa la takataka la kukanyaga. Anayesifiwa kwa pipa hilo ni Lillian Gilbreth, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1878, ambaye yeye na mumewe walikuwa wakizichunguza kazi za watu hatua kwa hatua ili kuona ipi ni ya bure. Na alikuwa amejaliwa watoto 12. Kumi na wawili! Nilipolijua hilo nikasema huyu ndiye mtu wangu, mimi ninao wanne tu na tayari naongea peke yangu bafuni. Pipa lilidumu siku 9. Siku ya tisa mwanangu wa pili akalikanyaga kwa miguu yote miwili, eti anapima kasi ya mfuniko. Sasa tunalifungua kwa mkono, ila mguu umeshazoea: unakanyaga chuma kilichokufa, unainama, unafunua. Hatua moja imezaa mbili. Yule mama angelia.

Sinki nalo likaziba. Nikamwaga magadi soda na siki, povu likapanda, nikasimama kando nimeshika kiuno kama mtu aliyegundua kitu. Binti yangu mkubwa akapita akaniambia, bila hata kusimama, kwamba magadi ni alkali na siki ni asidi, vikikutana vinamalizana nguvu, na lile povu ni hewa tu inajitoa. Nikamwambia basi nitaongeza dawa ya madoa. Hapo akasimama. Akasema dawa ya klorini ikichanganyika na siki inatoa gesi ya sumu, na akaichukua chupa akaondoka nayo kama polisi aliyekamata kielelezo. Mwishowe nilifungua ule mkunjo wa bomba chini ya sinki, ule unaobaki na maji ndani ili harufu ya mtaro isipande jikoni, nikatoa kijiko, gololi mbili na kitu ambacho sikutaka kukitambua.

Sinki likapitisha maji. Na hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Maana bomba la sinki hilo hilo lilikuwa linadondosha. Mnalijua lile dondosho, halina nguvu ya kukuamsha ila linayo ya kukunyima usingizi. To. Kimya. Unasema limekoma, unajigeuza upande, to. Usiku mmoja nikahesabu: tone moja kila sekunde. Maana yake matone 86,400 kwa siku. Nilimwamsha mama watoto nimpe hiyo idadi. Akasikiliza gizani, kisha akasema, "Baba watoto, muda uliohesabu ungetosha kulitengeneza."

Kauli hiyo iliniuma. Jumamosi nikaingia jikoni na spana malaya (ndilo jina lake, sikuibatiza mimi), nikawaambia wote watoke. Sitaeleza yaliyotokea humo ndani. Itoshe kusema niliingia na bomba linalodondosha mdomoni, nikatoka na bomba linalodondosha mdomoni na shingoni, na mkono wake ukawa unafunguka kwa upande wa kufungia. Nikaiambia familia kwamba linahitaji siku kadhaa kuzoea.

Halikuzoea. Leo asubuhi akaja fundi.

Fundi huyu ni wa makamo, mpole, ana mkoba wa turubai na penseli sikioni, ingawa kazi yake haina cha kuandika. Akaliangalia bomba. Hakuligusa. Akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia, akasonya polepole kama mtu anayeaga marehemu. Kisha akauliza lile swali ambalo mafundi wote duniani nadhani hufundishwa siku ya kwanza.

"Mzee, nani alikufungia hili bomba?"

Jamani, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwepo, niliiona, ilisimama mbele yangu kama nusu dakika hivi. Nikafungua mdomo na mdomo ukasema:

"Kuna kijana mmoja alipita."

Kitinda mimba wangu, miaka 7, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiangalia. Akanitazama. Nikamkazia macho.

"Kijana," fundi akasema, akitikisa kichwa. "Vijana hawa." Akatoa spana, akaanza kufungua. "Mzee, hebu njoo uone. Njoo karibu."

Sikutaka kwenda karibu. Nilikwenda.

"Hii tepu nyeupe kazi yake ni kwenye nyuzi za maungio, mizunguko kadhaa tu inatosha. Huyu kazungusha mpaka imekuwa kidonda kilichofungwa bendeji." Akaanza kuikunjua. Akaikunjua. Tepu ikatoka, ikatoka, ikafika sakafuni, fundi anaivuta kwa mikono miwili kama anayeanua kamba ya nguo. "Halafu tatizo wala haliko huku! Tone la mdomoni linatoka kwenye kimpira cha ndani, hiki kinachokandamiza tundu la maji. Kikilika, maji yanapita. Unabadilisha kimpira, basi. Sasa huyu alikuwa anafunga nini huku nje? Baridi?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti ambayo si yangu.

"Kweli fundi," nikasema, "hata mimi nilimshangaa." Ndiyo huko kumsaidia nilikokutaja. Na ukishaanza huwezi kuishia hapo. "Nilimwambia, kijana, una uhakika? Akasema ana uhakika. Kiburi, unajua."

"Asiyejua ndiye mwenye kiburi," fundi akasema.

"Kabisa," nikasema.

Chini ya tepu akakuta ukanda wa mpira wa baiskeli. Akauinua kwenye mwanga, hakusema neno, akauweka kwenye sahani. Chini ya mpira wa baiskeli akakuta gundi. Akaikwangua kwa bisibisi, anahema. Chini ya gundi uzi. "Uzi," akasema, kwa huzuni kabisa, si kwa hasira. Fundi yule alikuwa anafukua kama wale watu wanaochimba miji ya kale, kila tabaka na zama zake, na zama zote zilikuwa zangu, alasiri moja. Mwisho kabisa, pale panapotakiwa kukaa kile kimpira, akaingiza koleo, akavuta, kikachomoka kitu cha rangi ya waridi chenye ua dogo la plastiki.

Ndoo ikaanguka.

"Hicho kimpira changu cha nywele!"

Kimya. Maji hayakuwa yanadondosha kwa kuwa koki ilikuwa imefungwa, ndiyo maana kimya kile kilikuwa kamili.

"Baba, ulisema dada ndiye alikipoteza."

Kweli nilisema. Dada mtu alinuniwa wiki nzima. Kulikuwa na kikao. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa kikao kile.

Fundi akamtazama mtoto, akakitazama kile kimpira kwenye koleo, akanitazama mimi. Nikaona linavyomjia, linakuja, linapanda ngazi. Nikajua hapa ama nikiri ama nimwage damu ya mtu asiyekuwepo.

"Kumbe alichukua na vitu vya watoto!" nikasema.

"Mzee!" Fundi akashika kichwa. "Huyo si kwamba hajui kazi tu. Huyo ni mwizi!"

"Baba, kijana gani?" akauliza mdogo.

"Ulikuwa umelala."

"Mchana?"

Fundi hakusikia, alikuwa ameshapandisha. Alimsema kijana yule kuanzia nyayo mpaka utosi. Akasema watu kama yule ndio wanaowaharibia jina. Akasema mtu akijijua hawezi, kuna aibu gani kuita mwenye kuweza? Akasema huenda hakulelewa. Hapo niliumia, mama yangu alinilea vizuri sana, lakini ningemtetea vipi? Nikasema, "Malezi, fundi, malezi." Nilimsaliti mama yangu mzazi kwa ajili ya bomba.

Kisha akatoa mfukoni kimpira cheusi, kipana kama ukucha wa kidole gumba. Akakiweka. Akafunga. Akafungua koki. Maji yakaja, akayafunga, yakafungika kwa upande wake wa haki. Kazi yote, ukiacha mazishi ya yule kijana, ilichukua muda mfupi kuliko nilioutumia mimi kutafuta mkasi wa kukatia tepu.

Mlangoni akageuka. "Mzee, nipe namba yake ya simu. Si kwa ubaya. Nimwite nimfundishe hata hili la kimpira tu, asiende kumharibia mwingine."

Alisema kwa moyo safi. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Alihama," nikasema.

Akayatazama yale mabaki kwenye sahani, mpira wa baiskeli, gundi, uzi. "Kwa kazi hii," akasema, "lazima uhame."

Mama watoto alirudi saa sita, na mdogo alikuwa ameshamsubiri getini. Sikusikia walichoongea. Ninachojua ni kwamba wakati wa kula, akinisogezea sahani, aliniambia kwa upole, "Baba watoto, yule kijana akipita tena, mwambie na rafu ya chumbani imelegea." Wakubwa wakainamia sahani zao, mabega yanatikisika. Aliyenuniwa wiki nzima hakucheka. Aliniangalia tu, ana kale kaua ka plastiki amekaweka kando ya glasi yake ya maji, na hakukaondoa mpaka tukamaliza kula.

Na mnisikilize, sisemi kwamba sikukosea. Ila niambieni, kazi ya nyumba inaisha lini? Mimi nimechoka, nasema kweli, nimechoka. Unafua nguo zote, kapu jeupe, unashukuru, kisha unajitazama: umevaa nguo. Hizo nazo ni za kufua! Unaosha chombo cha mwisho, unaning'iniza kitambaa, unageuka, kuna glasi. Glasi moja, katikati ya meza, haina mwenyewe. Uliza watoto wanne, hakuna aliyekunywa maji tangu azaliwe. Kitasa unakitengeneza leo, bawaba inaona wivu. Na hao wanaosema kila mmoja akifanya robo saa kwa siku nyumba inajiendesha, robo saa yetu ya kwanza inaishia kwenye kubishana nani aanze, na ya pili kwenye kutafuta ufagio, ambao una msumari wake na jina lake kwa herufi kubwa.

Basi usiku huu nimelala, nimetulia, bomba kimya kabisa. Sijawahi kuusikia ukimya wa nyumba hii. Nikasema alhamdulillahi, na hapo hapo, kutoka upande ule mwingine, nikasikia sssss.

Choo. Tangi la choo linavuja ndani kwa ndani. Nadhani lilikuwa linavuja siku zote, ila bomba lilikuwa linalifunika kwa kelele. Sikumwamsha mtu. Kujua kama tangi linapitisha maji ni rahisi, haihitaji fundi: unatia rangi kidogo kwenye tangi, huvuti maji kwa muda, kisha unaangalia bakulini. Rangi ikijitokeza chini, kizibo cha tangi hakizibi. Ni jambo la kitaalamu kabisa.

Rangi nimeipata. Ya buluu, ilikuwa kwenye begi la shule la mdogo, na nimeimimina yote maana giza lilinikosesha kipimo. Sasa nimekaa hapa ukingoni mwa beseni na tochi, nasubiri. Naona kama kuna buluu. Na korido naisikia, mtu mwenye miguu midogo ameamka anakuja chooni.