eFootball ni bure sawa, ila uwanja umeinama

Kuna ubishi haujaisha tangu 2021 kila wacheza gemu za mpira wakikutana, kwamba je Konami, kampuni ya Japani inayotengeneza gemu, walifanya vizuri kuiua PES, gemu yao ya mpira tuliyoizoea, na kutuletea eFootball ya bure? Juzi umeibuka tena kijiweni kwetu, mmoja anasema bila eFootball asingewahi kucheza gemu ya mpira ya maana maishani mwake maana PS (PlayStation) hajawahi kumiliki, mwingine anasema ile ni mashine ya kukamua hela za watoto. Wote nawaelewa kabisa, na nimekaa siku kadhaa naliwaza, sasa acha niliseme lote.

Mimi nimekulia kwenye banda la gemu Tandika. PS2 mbili, tivii za kichogo, mechi moja mia mbili, anayefungwa anaachia pedi. Gemu ilikuwa PES 6 na mfalme alikuwa Adriano, mshambuliaji wa Inter, nguvu ya shuti 99, ukimpa mpira nje ya boksi mguu wa kushoto umekaa vizuri kipa anabaki kuusindikiza kwa macho. Kila mtu alikuwa anaitaka Inter kwa hiyo mkishindwa kuelewana wote wawili mnachukua Inter, na hapo ndo kilipo kitu ninachokililia mimi, Adriano wangu na Adriano wako walikuwa ni yule yule. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa muuza mkaa wakishika pedi wako sawa, kilichobaki ni vidole na akili. Liverpool ilikuwa inaitwa Merseyside Red na Chelsea London FC kwa sababu Konami hawakuwa na leseni, hakuna aliyejali. Kwenye Master League, sehemu ya kuiongoza timu msimu baada ya msimu, unaanza na kina Castolo, Minanda na Ximelez, wachezaji ambao hawapo duniani, unawalea misimu mpaka unawapenda kama ndugu, memori kadi ikipotea mtu analia machozi ya kweli.

Sasa wanaotetea enzi zile wanasema zamani tulikuwa tunanunua gemu mara moja basi imeisha. Wana, tuseme ukweli, sisi tulinunua nini? Cd za pale bandani zote zilikuwa za kuchoma na PS imechipiwa, hela yangu ilikuwa inaenda kwa mwenye banda, Konami hawakuwahi kuona hata senti yangu. Walionunua kweli walikuwa Wajapani na Wazungu. Kwa mtoto wa Tandika PES ilikuwa bure kabla Konami hawajaamua iwe bure, kwa hiyo hoja ya kwamba bure imeharibu kila kitu mimi siwezi kuibeba kichwa kichwa, nitakuwa namsema mwenzangu kwa kitu ambacho mimi mwenyewe ndo kilinilea.

Na mwanzo wa eFootball ulikuwa mbaya kweli, hilo halina ubishi. PES 2021 ilitoka Septemba 2020 ikiwa apdeti tu ya msimu, wakasema wanajenga kitu kipya kwa Unreal Engine, programu ya kutengenezea gemu, watu wakasubiri mwaka mzima. Tarehe 30 Septemba 2021 ikashuka ikiwa na timu tisa tu, sura za wachezaji zimepinda, wachezaji wanapitana kama mizimu, ndani ya siku moja ikawa gemu yenye alama mbovu kuliko zote kwenye Steam, duka la onlaini la gemu za kompyuta, na Konami wakaomba radhi hadharani. Toleo la 1.0 likaja Aprili 2022. Master League waliahidi italetwa baadaye kama kitu cha kununua pembeni, 2023 waliyoitaja ikapita haijaja.

Ila tuangalie na iliyofungua. Leo kijana mwenye simu ya kawaida yenye nafasi na bando anacheza mpira ambao pasi inapigwa kama pasi, beki anajipanga, mvua inanyesha mpira unateleza. Hahitaji PS5 yenye bei ya pikipiki iliyotumika. Na hii si kwetu tu, Desemba 2024 FIFA wenyewe walifanya kombe la dunia la eFootball Riyadh, kwenye konsoli wakachukua Indonesia na kwenye simu akachukua mchezaji wa Malaysia. Nchi ambazo kwenye mpira wa nyasi hatuzisikii huko juu, vijana wake wamenyanyua kombe, na gemu ingekuwa ya dola 70 kila mwaka sidhani kama wangefika hapo wakiwa wengi vile. Mimi hiyo iliniingia moyoni sana kwa sababu najua vipaji vilivyokaa kwenye mabanda ya Temeke.

Haya, tuje kwenye kidonda. Timu yako kwenye eFootball ni kadi, na kadi zenye nguvu zinatoka kwenye boksi la bahati. Boksi la kawaida lina wachezaji 150 na mara nyingi wale wakali unaowataka ni watatu tu, kuchomoa mara moja ni koini 100 (koini ndo hela ya humo ndani), mara kumi ni koini 900. Piga hesabu mwenyewe, bahati ikikukataa mpaka mwisho ukalimaliza boksi zima ni koini 13,500 ili uwe na hao watatu. Kweli koini nyingine unapewa bure kwa kuingia kila siku na kwa matukio, na nawajua watu hawajawahi kulipa hata mia na wanapiga watu vibaya, hilo lazima nilikiri. Lakini kadi inakuja na busta inayopandisha uwezo, mwezi ujao inatoka yenye busta mbili, mshambuliaji uliyemkusanyia miezi mitatu anageuka wa benchi. Ukikutana onlaini na aliyelipa, beki wako anakimbia kama kabeba ndoo ya maji. Yani Adriano wangu na Adriano wako sio yule yule tena.

Mpwa wangu ana miaka 13. Kuna gemu moja ya mpira ya simu, jina naliacha, alikuwa anakusanya nauli yake ya shule anampa jamaa wa mtaani anayeuza koini, anatembea kwa miguu asubuhi. Dada alipogundua alinipigia mimi, anajua mimi ndo niliyemfundisha mtoto gemu. Nilimuuliza ulikuwa unamtafuta nani, akanijibu mjomba hata sikumbuki, nilikuwa nataka tu kufungua. Lile jibu liliniuma kuliko hela yenyewe. Duka la kubeti mtaani kwetu mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuweka mkeka, na hiki kinachompa presha ile ile ya kusubiri kipo kwenye simu anayolala nayo. Ubelgiji walishalikataa hili mapema, tume yao ya michezo ya kubahatisha ilisema 2018 kwamba maboksi ya kulipia ni kamari, na EA, kampuni iliyokuwa inatengeneza gemu za FIFA, wakaacha kuuza kule FIFA Points, hela ya ndani ya gemu ya kununulia maboksi hayo, Januari 2019. Uholanzi nao waliipiga EA faini ya euro milioni 10 ila mahakama ikaifuta 2022, kwa hiyo hata wanasheria hawakubaliani.

Lakini mfano huo wa EA ndo unaowanyima raha wale wanaosema turudi tu kwenye kulipia. EA wanakuuzia gemu kwa bei kamili kila mwaka na bado Ultimate Team, sehemu ya kujenga timu kwa kadi za maboksi, ipo humo humo tangu 2009, unalipa mlangoni afu unalipa tena ndani. Kwa hiyo kulipia peke yake hakujawahi kumkinga mtu.

Kitu pekee ambacho kulipia kulikuwa kunakupa ni kwamba kitu ni chako, na hapa ndo naegemea upande wa wazee wa PES. Nakumbuka tulivyopagawa Samatta alipohamia Aston Villa Januari 2020, timu zilipoapdetiwa kwenye FIFA 20 tukamchezesha Villa usiku mzima hata waliokuwa hawaijui Villa. Leo ukitaka kuinunua ile gemu dukani onlaini huipati, EA waliziondoa FIFA za nyuma zote 2023 walipoachana na jina la FIFA, ila jamaa mwenye cd yake bado anaweka na Samatta yupo pale pale anakimbia. PES 2013 nayo bado inapigwa mpaka leo, wana wamepachika humo Simba na Yanga na jezi za msimu. eFootball siku seva ikizimwa hata aliyemaliza koini milioni anabaki na ikoni kwenye simu. Sio uoga wa bure huu, gemu ya magari ya Ubisoft inaitwa The Crew ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, waliokuwa wameinunua kwa hela yao nao wakafungiwa nje, ndo ikazaliwa ile kampeni ya Stop Killing Games, ya kutaka gemu zilizonunuliwa zisiuawe, ambayo huko Ulaya ilipitisha saini milioni moja Julai 2025.

Kwa hiyo mi nasimama hapa. Mlango wa bure ubaki wazi, anayetaka ufungwe hajui mtoto asiye na konsoli anajisikiaje akichungulia dirishani. Konami wauze jezi, wauze sherehe za goli, wauze viwanja, na Master League waitoe kama kitu kizima unanunua mara moja kinacheza bila neti, mimi nitakuwa wa kwanza na safari hii nitalipa kweli. Nguvu ya mchezaji ndo isiuzwe, na kwa mtoto boksi la bahati lisifunguke kwa hela kabisa.

Mpaka wafanye hivyo, kijiweni kwetu tumeshakubaliana, ligi yetu ya Jumamosi kadi zenye busta haziingii, kila mtu anaonyesha kikosi kabla ya mechi, anayefungwa anapisha. Mpwa wangu wiki iliyopita amemfunga jamaa mwenye kikosi cha mamilioni, 3-1, na hajanunua mtu.