Wati 200 kwenye boksi, fyuzi ya 15

Juzi niliingia duka moja la spea hapa Majengo, Dodoma, kutafuta balbu ya H4, ile ya taa kubwa za mbele. Kijana wa kaunta akanisogezea boksi la LED. "Mzee, chukua hii. Wati 200, lumeni 30,000, kelvini 6,000. Ukiwasha hii, ng'ombe wanapisha wenyewe."

Haya, tupige hesabu. Umeme wa gari ni volti 12. Gawa 200 kwa 12, unapata karibu ampea 17 kwa balbu moja. Sasa fungua boksi la fyuzi uangalie za taa: nyingi ni 10 au 15. Ingekuwa kweli inakula wati 200, fyuzi ya 10 ingekatika upesi, na ya 15 ingekuwa imezidiwa kila ukiwasha. Mbona haikatiki? Kwa sababu wati zimeishia kwenye karatasi la boksi. Mwenye mita ya ampea apime mwenyewe. Mara nyingi hazifiki hata wati 55 za halojeni, yaani balbu ya kawaida ya waya.

Na hata zingekuwepo, wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka ni lumeni. H4 ya kawaida ni 60/55: 60 ukipiga fulu, 55 ukishusha. Fulu inatoa lumeni kama 1,650, ukishusha 1,000, na hapo injini inachaji vizuri. Balbu ya zenoni, ile ya D2S, inakula wati 35 tu, inatoa 3,200. Hizo 30,000 za yule kijana ni fulu za H4 kumi na nane ndani ya balbu moja. Tukazifunge uwanja wa Jamhuri, siyo kwenye gari la kufuata mahindi Kibaigwa.

Kelvini ni rangi tu. Tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni barabara ya Morogoro usiku. Kuanzia Gairo mpaka unaingia mjini, kila anayekuja mbele ni bluu tupu. Ndani ya H4, chini ya waya wa taa ya kushusha, kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuuzuia mwanga usipige nusu ya chini ya sahani ya taa inayoakisi mwanga, ndiyo maana haukurukii machoni. Chomeka LED ambayo vitaa vyake havikukaa pale pale ulipokuwa ule waya, mwanga unatawanyika ovyo. Unampigia mtu fulu kumkumbusha ashushe, naye anakurudishia yake, kumbe alikuwa ameshusha tangu mwanzo! Anajisifu taa zinawaka balaa. Zinawaka, ndiyo, machoni mwangu, na mkokoteni wa punda usio na kiakisi ulio mbele yangu siuoni.

Sawa, zipo LED nzuri, hasa gari lililotoka nazo kiwandani. Na fundi wangu anasema wateja ndio wanaozililia hizi za boksi. Nakubali, shingo upande.

Ndugu zangu wa halojeni za 100/90, zenu kweli zinakula. Chomoeni soketi mnuse plastiki inavyoungua.

Taa hafifu? Angalia kwanza kioo kama kimepauka na kuwa cha njano kwa jua letu hili. Kisha fundi umeme apime volti kwenye soketi, taa ikiwa inawaka. Kwa halojeni, volti zikipungua asilimia 10 tu, karibu theluthi ya mwanga imekwenda. Akikuta 11 wakati kwenye betri ni 13 na ushee, mwambie aanze na waya wa ethi.