Sahani ya mzee: tunachopunguza na tusichopaswa kukigusa

Ukikaa mezani na familia yenye mzee wa miaka 70 na kitu, tazama sahani yake inavyopakuliwa. Wanga laini, mchuzi mwingi, mboga kidogo iliyopondwa. Kipande cha nyama au samaki kinakwenda kwa kijana, kwa kuwa yeye ndiye anayefanya kazi, na mara nyingi mzee mwenyewe ndiye anayekisogeza: "Mpe mtoto, mimi nimeshiba." Hakuna aliyekosa upendo hapo. Wote wanaamini kwamba umri ukienda, mwili hauhitaji tena mengi, na kwamba mlo wa mzee ni mlo wa kijana uliopunguzwa.

Imani hiyo ina ukweli, tena si mdogo. Misuli ikipungua na mwendo ukipungua, mwili hutumia nishati kidogo. Mtu wa miaka 75 anayekula kama alivyokula akiwa na miaka 30 atanenepa, na unene huo huja na kisukari, presha na magoti yanayouma. Wanaowashauri wazee wapunguze wanga, mafuta, chumvi na sukari hawajakosea, wala sina ubishi nao. Ubishi wangu ni pale neno "punguza" linaposhushwa juu ya sahani nzima bila kuchagua. Kinachoshuka kwa umri ni hitaji la nishati. Hitaji la protini, vitamini na madini halishuki nalo, na baadhi hupanda. Miongozo ya Marekani humtaka mwanamke aliyevuka miaka 50 apate miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku badala ya 1,000, na kiwango cha vitamini D nacho huongezwa kuanzia miaka 71. Kwa hiyo mzee ana nafasi ndogo zaidi tumboni, na mambo yale yale au zaidi ya kuyaingiza humo.

Makundi mengine tumeyaelewa vizuri zaidi. Mtoto mchanga hupimwa uzito kila mwezi na kuandikwa kwenye kadi. Mjamzito hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, na kila jirani anamkumbusha kwamba anakula kwa ajili ya wawili. Mzee anaambiwa apunguze, basi.

Kinachompotea ni misuli. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza hali hiyo iitwe sakopenia, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya upungufu wa nyama ya mwili, kwa hoja kwamba hali isiyo na jina haichukuliwi kwa uzito. Jina limekuja, lakini majumbani hali yenyewe bado huitwa uzee. Mtazame mtu wa miaka 80 akiinuka kwenye kiti kisicho na mikono. Anasogea ukingoni, anainamisha kifua mbele, anasukuma, anarudi chini. Mara ya pili anashika meza. Tunaona magoti mabovu, na pengine ni kweli ni magoti, lakini kazi ya kumwinua hufanywa na misuli ya mapaja na makalio, na misuli hiyo hujengwa kwa kinachoingia mdomoni.

Sasa tuje kwenye namba inayobishaniwa. Mwaka 2007 ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani (WHO), Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa iliweka kiwango salama cha protini kuwa gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa watu wazima wote, kijana na mzee pamoja. Kiwango hicho kimetokana na vipimo vya naitrojeni, elementi iliyomo ndani ya protini. Hupimwa inayoingia kwa chakula, hupimwa inayotoka kwa mkojo, kinyesi na jasho, na zikilingana mtu huhesabiwa kuwa hana upungufu. Ni njia ya heshima, imefanya kazi kubwa. Lakini wengi wa waliopimwa walikuwa vijana, na kipimo chenyewe hakiulizi kama mtu anaweza kupanda ngazi. Ndiyo maana mwaka 2013 kundi la wataalamu wa kimataifa lijulikanalo kama PROT-AGE lilipendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa waliovuka miaka 65, na zaidi ya hapo kwa wengi walio wagonjwa.

Tuipeleke namba hiyo kwa mtu wa kilo 60. Kiwango cha zamani kinampa gramu 50 hivi kwa siku. Kipya, 60 hadi 72. Tofauti ya chini ni gramu 10 hivi, yaani yai moja na glasi ya maziwa, na hapo umeshaivuka kidogo. Si jambo la mitungi ya unga wa wanamichezo.

Kuna na suala la mpangilio. Misuli ya mzee ni mizito ya kusikia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kijana huhitaji takriban gramu 0.24 za protini kwa kilo katika mlo mmoja ili ujenzi wa misuli ufikie kilele, na mzee huhitaji kama 0.40. Kwa yule wa kilo 60 hizo ni gramu 24 kwa mlo. Chai na vipande viwili vya mkate humpa sita au saba. Anaweza kupata protini ya kuridhisha chakula cha jioni, lakini asubuhi na mchana misuli yake haikusikia kitu.

Hatari kubwa iko kitandani. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 12 wenye afya, ambao walikubali kulala kitandani siku 10 huku wakila protini gramu 0.8 kwa kilo, kiwango rasmi kabisa cha Marekani. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10 tu! Homa ya mapafu moja, upasuaji mmoja. Jaribio hilo halithibitishi kwamba protini zaidi ingewaokoa, maana hakukuwa na kundi lililoongezewa. Linaonyesha tu jinsi akiba inavyoweza kuyeyuka haraka kwa mtu ambaye kwenye karatasi anakula "vya kutosha". Na kwa walio hospitalini kweli, jaribio kubwa la Uswisi la mwaka 2019, lenye wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa kwenye hatari ya utapiamlo, lilipata kwamba waliopangiwa chakula kulingana na mahitaji yao walikufa kwa asilimia 7 ndani ya siku 30, dhidi ya asilimia 10 ya waliokula chakula cha kawaida cha wodi.

Lakini utafiti ninaourudia mara kwa mara ni wa Australia, uliochapishwa mwaka 2021. Makao 60 ya wazee, wakazi zaidi ya 7,000, wastani wa umri miaka 86. Vitamini D walikuwa nayo ya kutosha. Kalsiamu yao ilikuwa kama miligramu 700 kwa siku, na protini haikufika gramu 1 kwa kilo. Nusu ya makao yaliachwa yaendelee kama kawaida. Nusu nyingine wapishi wao wakaongeza maziwa, mtindi na jibini kwenye milo ya kila siku. Hakuna kidonge, hakuna kifaa. Kalsiamu ikapanda hadi miligramu 1,142 na protini hadi gramu 1.1 kwa kilo. Katika miaka miwili, mivunjiko ya mifupa ilipungua kwa asilimia 33, na ya nyonga kwa asilimia 46.

Aliyewahi kumuuguza mzee aliyevunjika nyonga anajua asilimia 46 maana yake nini. Mzee huyo huenda alikuwa akijipeleka chooni mwenyewe. Baada ya hapo anasubiri mtu, na anapunguza kunywa maji ili asimsumbue mtu.

Mkosoaji atasema, na ni haki yake, kwamba hapo protini na kalsiamu vimechanganywa, kwa hiyo huwezi kuipa protini sifa yote. Nakubali. Atasema pia kwamba vifo havikupungua, na ni kweli havikupungua. Ila kuna tarakimu ya tatu ambayo haitajwi sana: kuanguka kwenyewe kulipungua kwa asilimia 11. Kalsiamu inaweza kueleza mfupa uliostahimili mwanguko. Mtu ambaye hakuanguka kabisa, mimi naona ni vigumu kumweleza kwa mfupa peke yake. Naiona misuli ikimshika. Na kwa mpishi swali hilo halina uzito sana, kwa sababu maziwa huja na vyote viwili katika glasi moja.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko hiyo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanaume 92 wenye miaka 65 na zaidi, ambao mwili wao ulikuwa umeanza kuwagomea. Wengine walilishwa gramu 0.8 kwa kilo, wengine 1.3, kwa miezi sita. Nyama ya mwili haikuongezeka kwa waliopewa zaidi. Na nyuma yake kuna jaribio maarufu la Boston la mwaka 1994: wakazi 100 dhaifu wa makao ya wazee, wastani wa miaka 87. Waliofanya mazoezi ya kuinua uzito kwa wiki 10 nguvu zao zilizidi maradufu. Waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu za maana. Anayedhani mayai matatu yatamsimamisha mtu anayekaa kitini kuanzia asubuhi hadi jioni, majaribio haya yamemjibu.

Jaribio la 2018, hata hivyo, lina jambo moja la kuliangalia kwa karibu. Wanaume wale walitayarishiwa vyakula vyote, vimepimwa, nishati ya kutosha, kila siku. Gramu 0.8 ilikuwa 0.8 kweli. Mzee tuliyeanza naye, aliyesogeza kipande cha samaki kwa mjukuu, hafiki hapo. Meno yake yametoka au ya bandia yanamuumiza, kwa hiyo nyama ndiyo ya kwanza kuachwa. Pua haisikii harufu kama zamani, kiu haimjii mapema, na anashiba katikati ya sahani. Kumwambia kwamba faida ya kuvuka 0.8 haijathibitika ni kumjibu swali ambalo bado hajalifikia.

Hoja ya figo ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa hapo kosa linaumiza. Mwenye ugonjwa sugu wa figo uliofika hatua ya kati au zaidi, na ambaye hajaanza kusafishwa damu, miongozo ya kimataifa humtaka akae kwenye gramu 0.8 kwa kilo. Wazee wengi wana ugonjwa huo bila kujua, maana hauumi. Kwa hiyo kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kitangulie, yai lifuate. Lakini hata miongozo hiyo, katika toleo la mwaka 2024, inasema mzee mwenye figo mbovu ambaye pia amedhoofu na kupoteza misuli afikiriwe kuongezewa protini na nishati. Wataalamu wa figo wenyewe wameona kwamba udhaifu nao ni ugonjwa wa kuhesabiwa.

Vitamini B12 niitaje kwa kifupi, ingawa ingestahili makala yake. Tumbo la mzee mara nyingi hutoa asidi kidogo, na bila asidi vitamini hiyo haibanduki kwenye nyama au yai. Anaweza kuila na asiipate. Ganzi ya miguu, kusahau na kuyumba vinavyofuata hubandikwa umri. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa Marekani wamewashauri waliovuka miaka 50 wategemee zaidi vyakula vilivyoongezewa B12 au vidonge, kwa kuwa hiyo haihitaji asidi.

Kwa anayempakulia mzee leo jioni, mpangilio ni huu: samaki, yai au maharage yaliyoiva sana yaende mbele, kabla ya wanga, kwa sababu atashiba mapema na kilichotangulia ndicho kitakachoingia. Nyama isagwe au ichambuliwe nyuzi nyuzi. Asubuhi chai yake iwe ya maziwa yanayoonekana. Baada ya kula asaidiwe kuinuka na kuketi kitini mara tano, kesho sita. Na iwepo mizani. Mtu wa kilo 60 akifika 57 ndani ya miezi sita bila kukusudia amepoteza asilimia 5, na kwa daktari hiyo ni dalili ya kufuatilia, hata kama mkanda uliotobolewa tundu jipya umemfanya aonekane kijana na kila mgeni anamsifu kwa kupungua.