Albamu Zako Tatu Mpaka Sasa Ni Zipi?

Kila Juni ikikaribia kwisha, kwenye kundi letu la WhatsApp la watu tisa tuliosoma pamoja, dada mmoja mhasibu, mzaliwa wa Tanga, hutuma swali lilelile: "Albamu zako tatu za mwaka huu mpaka sasa ni zipi?" Hana mzaha kwenye jambo hili. Mwaka jana aliyewahi kumjibu alikuwa jamaa yetu mwenye duka la simu Mbagala. "Albamu? Nani siku hizi ana muda wa albamu, dada yangu? Niulize nyimbo." Watu wakacheka, kisha tukabishana siku mbili.

Nilianza nikiwa upande wa dada. Kadiri nilivyozidi kubishana, ndivyo nilivyoona kwamba jamaa wa Mbagala ana hoja nzito kuliko alivyodhani mwenyewe. Yeye alikuwa anatania tu.

Tuanze na hoja yake basi, maana historia iko upande wake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, alichorudi nacho hakikuwa albamu. Zilikuwa santuri za mizunguko 78, kila upande wimbo mmoja wa dakika tatu hivi, ukitaka zaidi unageuza. Hata neno lenyewe albamu liliingia kwenye muziki kwa sababu santuri za namna hiyo ziliuzwa zimepangwa kwenye majalada kama yale ya kuwekea picha. Santuri ndefu inayobeba nyimbo kadhaa kwa mkupuo kampuni ya Columbia iliitoa Marekani mwaka 1948, na hata baada ya hapo muziki wetu haukuikimbilia. Sikinde na Msondo, bendi kubwa za dansi za Dar, waliingia studio za Redio Tanzania Dar es Salaam kurekodi kwa ajili ya redio. Wimbo ulikuwa dakika sita, nane, mashairi kwanza, kisha chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, basi. Hakuna aliyekaa kupanga upi uwe wa kwanza na upi ufunge kazi. Mtu akikuonyesha leo albamu ya DDC Mlimani Park, yaani hao hao Sikinde, iliyotolewa Marekani na lebo ya Africassette mwaka 1994, ajue kwamba ni mkusanyiko. Mpangilio ule ni wa aliyekusanya.

Kwa hiyo anayesema albamu ni kipimo cha kuazima hasemi uongo. Muziki tunaouita wa dhahabu haukupimwa kwa kipimo hicho, na haukupungukiwa kitu.

Hata hivyo kuna kipindi albamu ilikuwa yetu kabisa, nacho ni cha kanda. Taarab ya kisasa iliuzwa hivyo: nyimbo tano au sita, kila mmoja dakika kumi na zaidi, na kina mama walijua kanda nzima kuanzia upande A mpaka mkanda unapokatika. Bongo Fleva nayo ilikulia humo. Profesa Jay alipotoa "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001, watu walinunua kazi nzima kwa sababu hapakuwa na namna ya kununua kipande. Msambazaji wa Kariakoo alitaka kanda iliyojaa, msanii akalazimika kuijaza. Wakati mwingine aliijaza kwa nyimbo za kusindikiza tu, tusidanganyane. Lakini ulazima huo ndio uliotupa zile nyimbo za upande B ambazo hazikupigwa redioni hata siku moja na ambazo mpaka leo mtu wa rika langu anaziimba neno kwa neno.

Kadi za memori ziliua hilo, YouTube ikalizika. Msanii akaanza kuachia wimbo mmoja mmoja, na albamu, ilipotoka, ikawa kama kapu la kuokotea yaliyokwishaanguka. Mfano mzuri ni "A Boy from Tandale" ya Diamond Platnumz, iliyozinduliwa Nairobi Machi 2018. Ndani yake kulikuwa na "Marry You" na "Hallelujah", nyimbo zilizotoka 2017, pamoja na nyingine za nyuma zaidi. Ukiulizwa Juni 2018 albamu uipendayo ya mwaka huo ukaitaja hiyo, unasifu mwaka upi hasa? Hapa jamaa wa Mbagala anashinda bila jasho.

Tena ana silaha nyingine ambayo hakuitumia. Msikilizaji wa kawaida Dar au Mombasa hapati muziki kwa umbo la albamu. Anaupata YouTube, wimbo ukiwa na video yake, bando likihesabiwa. Au anapakua miksi za madijei kutoka Mdundo, jukwaa la muziki la mtandaoni, dakika arobaini zisizokatika, na humo dijei ndiye mpangaji. Ukitafakari, miksi ya dijei inafanya kazi ileile ya albamu: ina mwanzo, inapanda, inatulia, inaagana nawe. Singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar, ndiyo ushahidi mkubwa zaidi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa "Sounds of Sisso", mkusanyiko kutoka studio ya Sisso, Mburahati, na wapenzi wa muziki wa Ulaya wakaujadili kama albamu. Huku nyumbani singeli ilikuwa kwenye kigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku, na kwenye bajaji, na wengi walioicheza hawakuwahi kujua kwamba kuna kitu kinaitwa albamu yake.

Sasa upande wa dada. Hoja yake sikuielewa vizuri mpaka nilipoufikiria mwaka mmoja kwa utulivu: 2020.

Chukulia umekaa tarehe 30 Juni 2020 unaandika orodha yako. Machi pekee ilikuwa imetoa "Afro East" ya Harmonize, nyimbo 18, iliyozinduliwa Mlimani City corona ikiwa mlangoni, pamoja na "Lucky You" ya Nyashinski kutoka Kenya. Aprili akaja msichana mgeni anaitwa Zuchu na EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo saba, "I Am Zuchu". Tarehe 5 Juni Sauti Sol, kundi la Nairobi, wakatoa "Midnight Train". Nairobi usiku watu walikuwa hawaruhusiwi kutoka tangu mwishoni mwa Machi, kwa hiyo walioisikiliza waliisikilizia nyumbani, na nyumbani mtu humaliza alichoanza.

Nilivyoisikiliza mimi ilikuwa hivi. "Suzanna" ilikuwa imetoka Februari, na nilikwishaizoea kama wimbo wa utani wenye gitaa la zilizopendwa, wa kutumiana na kucheka. Ndani ya albamu haikuwa utani tena. Ikiwa nyumba moja na "Brighter Days" yenye waimbaji wa Soweto Gospel Choir, na "Rhumba Japani" waliyowaalika wadogo zao wa lebo yao ya Sol Generation, nikaisikia kama kumbukumbu ya mtu aliyekulia kwenye sebule yenye redio ya baba. Wimbo haukubadilika hata noti moja. Majirani zake ndio waliobadilisha nilivyousikia.

Na kwenye ile EP ya Zuchu kuna kitu ambacho mpiga hesabu wa watazamaji hawezi kukuonyesha. Mtaani zilivuma "Wana" na "Raha". Lakini katikati ya zile saba kuna "Mauzauza", aliyoimba na mama yake, Khadija Kopa. Sikiliza sauti ya binti inavyonyooka mama akiingia, kama mtoto anayekaa vizuri kwenye kiti mgeni akibisha hodi. Kisha mama anaimba kwa ule uzito wake wa miaka mingi ya jukwaa, bila haraka, na kwa dakika chache Bongo Fleva na taarab zinakuwa chumba kimoja. Aliyesikiliza nyimbo zilizovuma tu hajui msichana huyu katoka wapi. Mwenye EP nzima anajua.

Hiyo ndiyo kazi ya swali la Juni. Linamlazimisha mtu arudi nyuma kabla hajasahau. Orodha za Desemba zina ugonjwa wa kukumbuka kilichotoka juzi, na albamu ya Machi ikifika Desemba imekuwa mzee.

Isipokuwa kuna tatizo ambalo dada hakulitarajia, nalo ni kalenda ya Bongo yenyewe. "Only One King" ya Alikiba ilitoka Oktoba 2021, "High School" ya Harmonize Novemba mwaka huohuo. Marioo alitoa "The Kid You Know" Desemba 2022, na "The Godson" Novemba 2024. Albamu ya kwanza ya Zuchu, "Peace and Money", Desemba 2024. Wakubwa wetu wanapenda mwisho wa mwaka, na wana sababu: sikukuu, matamasha, wageni wanaorudi nyumbani na pesa. Kwa hiyo orodha ya Juni itawapendelea wa Machi, orodha ya Desemba itaandikwa kabla albamu ya Desemba haijazoeleka masikioni, na Juni inayofuata mtu atakwambia hiyo ni ya mwaka jana. Albamu ya Desemba inadondoka kwenye ufa katikati ya miaka miwili. Tiba ipo wala si ngumu. Grammy hawafuati Januari hadi Desemba: tuzo za 2025 zilihesabu kazi za kuanzia katikati ya Septemba 2023 hadi mwisho wa Agosti 2024. Nasi tunaweza kusema mwaka wa muziki wetu unaanza Oktoba. Nililipendekeza hilo kundini nikajibiwa kwa emoji ya mtu anayelala.

Kuna jambo moja zaidi linaloharibu zoezi hili, nalo linaniudhi kuliko yote: timu. Ukiomba albamu hapa kwetu, nusu ya watu hawatoi masikio yao, wanatoa kura. Mtu wa upande wa Alikiba ataweka ya Kiba hata kama aliishia wimbo wa nne, wa Mondi, yaani Diamond, ataweka ya Mondi, na atakayetaja Siti Muharam, mwimbaji wa taarab wa Unguja, ataulizwa ni nani huyo. Hapo orodha haikuambii chochote kuhusu muziki. Mwaka jana mmoja wetu alisifu albamu fulani kwa aya nzima, "kazi ya kimataifa", dada akamuuliza swali moja tu: wimbo gani humo hauna video na unaupenda? Kimya. Baada ya saa nzima akarudi: "Zote kali."

Swali lile nimeliiba, na naliona zuri kuliko nyota tano au alama kumi. Wimbo wenye video umeshasukumwa mpaka mlangoni kwako. Ule usio na video uliutafuta mwenyewe, au ulikukuta kwa sababu hukuruka. Nilijipima pia. Nilipanda basi Mbezi Luis kwenda Morogoro, nikaweka "Afro East" kuanzia wa kwanza, nikajikataza kuruka. Tulipofika Mlandizi zilikuwa zimebaki chache. Mbili nilizokuwa nazidharau zilinikamata, na wimbo niliokuwa nautaja kila mara nikauona mwembamba. Nyimbo 18 ni nyingi, hilo nalo niliona. Kwa jinsi majukwaa yanavyohesabu usikilizaji, nyimbo nyingi ni hesabu nyingi, kwa hiyo albamu zinanenepa duniani kote, na kumi nzuri zinazama kwenye kumi na nane. Kinyume chake Diamond aliita "First of All" ya 2022 EP ilhali ina nyimbo kumi, idadi ambayo zamani ilitosha kujaza kanda. Ubishi wa EP na albamu nauachia wenye tuzo.

Jamaa wa Mbagala ana haki kuhusu umbo. Albamu si lazima iwe nyumba ya muziki wetu, na atakayeng'ang'ania hivyo atawaacha nje Sikinde, singeli na dijei wa mtaa. Dada ana haki kuhusu kukaa na kazi ya mtu mpaka mwisho, na nyimbo za kutumiana moja moja haziwezi kumpa hilo. Mizani yangu inamlalia dada kidogo, kwa sharti kwamba atakayetaja albamu aseme alivyoisikiliza: mara ngapi, wapi, na wimbo gani usiovuma anaubeba.

Mwaka huu swali limekuja na sharti hilo. Kati yetu tisa, watatu tu ndio waliofikisha tatu. Mmoja kaleta moja, akaomba radhi. Mimi nimeleta mbili, na mojawapo ilitoka Novemba, kwa kalenda yangu ya Oktoba iliyokataliwa. Jamaa wa Mbagala alituma faili moja la dakika 52, miksi aliyoipanga mwenyewe dukani kwake usiku, nyimbo kumi na nne, zote za mwaka huu, na chini yake akaandika zinavyofuatana na kwa nini. Dada hajajibu bado. Jamaa anasema kwenye taarifa za ujumbe wake dada ana alama mbili za buluu tangu jana saa tatu usiku, na miksi ni ya dakika hamsini na mbili, kwa hiyo namjua, anaisikiliza mara ya pili.