Nilivyomfisha Mke Wangu kwa Silabi Moja

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa na ugonjwa mmoja. Wakiona "ni" popote, wanapiga kelele: "Nafsi ya kwanza!" Juma ni mrefu? Nafsi ya kwanza. Hadithi nzima ni alifika, aliketi, alikula, lakini mhusika mmoja akifungua kinywa ndani ya alama za mtajo aseme "Nimechoka, mama," basi, nafsi ya kwanza. Niliwaeleza mpaka koo likakauka: ukitaka kujua nani anasimulia, weka kando maneno ya wahusika, kisha umsikilize anayebaki. Wapi!

Likizo ya Agosti nikaamua kuwatengenezea dawa. Nitunge kisa kimoja, nikiandike mara mbili, nafsi ya kwanza halafu ya tatu, wazazi wawasomeshe nyumbani. Waone kwamba tofauti si kiambishi tu. Msimulizi wa "ni-" anajua ya kichwa chake, basi. Wa "a-", akiwa maizi, yaani mjuzi wa yote, anaingia hata kichwani mwa jirani bila kubisha hodi. Nikajinyoosha kitandani, chumba chetu cha mtaa wa Umoja, Nairobi, nikaandika kwa simu:

"Nilipofungua mlango nilimkuta mke wangu amelala sakafuni, kimya. Nilimwita mara tatu. Mwili ulikuwa umepoa. Mezani, sufuria ya ugali wa jana ilikuwa bado haijaoshwa, ukoko wake umekauka na kuanza kupinda. Niliketi chini nikalia."

Ule ukoko ulinipendeza sana. Kifo kila mtu anaweza kukiandika, ukoko unataka jicho.

Nikatuma kwa kundi la wazazi la WhatsApp. Ndivyo nilivyodhani. Kwenye simu yangu kundi la wazazi na kundi la majirani wa ploti yetu yamekaa bega kwa bega, na kidole changu ni kinene. Nikaiacha simu ikichaji, nikashuka kutafuta maji, maana mifereji ilikuwa mikavu siku ya tatu na mwenye mkokoteni hangojei mtu.

Niliporudi na mitungi miwili nilikuta ujumbe arobaini na sita. "Pole sana Mwalimu." "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Mama Shiru, mwekahazina wetu, alikuwa ameshaweka namba yake ya M-Pesa na kuanzisha ile orodha ya kunakili na kuongeza jina lako chini. Ilikuwa imefika jina la kumi na nne.

Mtu mwenye akili angeandika: samahani, nimekosea kundi. Mimi ni mwalimu. Nikawaza, wakiona kisa kilekile kwa nafsi ya tatu wataelewa wenyewe kwamba hili ni somo. Nikatuma sehemu ya pili. Na kwa uvivu wa kutafuta majina, mhusika wangu nilikuwa nimemwita Mwalimu.

"Mwalimu alipofungua mlango alimkuta mkewe amelala sakafuni, kimya. Alimwita mara tatu. Aliketi chini akalia. Hakujua kwamba majirani wote walikuwa wakimhurumia."

Kundi likanyamaza. Kisha Baba Brayo wa nyumba namba tisa akauliza: "Asante kwa kutujulisha. Na wewe unayeandika kwa simu yake ni nani?"

Miaka kumi na mmoja ya kufundisha fasihi, na hilo ndilo swali ambalo sijawahi kuulizwa na mwanafunzi hata mmoja. Msimulizi ni nani? Kabla sijajibu, mwingine akajibu: "Nadhani ni shemeji yake. Mwalimu amezidiwa."

Nikaandika haraka: "Jamani, huyu ni mimi mwenyewe."

"Pole sana, shemeji," akaandika Mama Shiru.

Nikiwa bado nachapa, mlango ukabishwa. Kina mama sita, leso viunoni, mmoja na birika, wawili wamebeba viti vya plastiki. Walinitazama, kisha wakachungulia sakafuni nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Yuko Gikomba."

"Gikomba kuna mochari?"

"Ameenda kununua mitumba!"

Wakatazamana kwa huruma. Mmoja akanishika mkono akaniketisha kwenye kiti walichokuja nacho.

Mke wangu, Mama Tito, akafika saa kumi, nyuma yake kijana amebeba furushi la nguo. Sitaeleza mayowe. Birika lilianguka, chai ikafika mpaka ngazi. Alipopewa simu alisoma pale pale mlangoni, polepole, nafsi zote mbili.

"Kwa hiyo nimekufa."

"Si wewe, Mama Tito. Ni mhusika."

"Mke wa nani?"

"Wa msimulizi."

"Na msimulizi ni nani?"

"Si lazima awe mwandishi. Hilo ndilo nililokuwa nata—"

"Na hii sufuria ni ya nani?"

Sikujibu. Sufuria ilikuwa palepale mezani, ukoko umepinda vilevile nilivyouandika, na kina mama sita wakiitazama.

"Nilikuacha alfajiri nikakwambia uioshe," akasema. "Wewe ukaiandika."

Nikasema tu kwamba pesa za watu zitarudishwa, zote, leo hii. Akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Marehemu ni mimi. Nisomewe."

Mama Shiru akasoma orodha. Mia tano. Mia mbili. Mia tatu. Mama Tito alikuwa akiitikia kwa kichwa, uso umeanza hata kulainika, mpaka tukafika kwa Baba Brayo.

"Hamsini."

"Ngapi?"

"Hamsini, Mama Tito."

Akaikaza leso, akakata ukumbi mpaka namba tisa, akagonga kwa ngumi.

"Nani?" ikauliza sauti ya ndani.

"Ni mimi! Mke wa Mwalimu!"

Tukasikia kiti kikianguka.